UZI: 70°F nyumbani bado natetemeka, kazini 68 navua sweta. Ninyi mnaweka hita digrii ngapi?

#1 Nyamira_MN
Wakuu, salamu. Nipo Brooklyn Park, Minnesota. Wiki hii usiku imefika -20°F, yaani karibu -29 kwa wale wa selsiasi. Nyumba ni ya zamani, ya kupanga, na ina hita ya gesi inayosukuma hewa moto kupitia matundu ya sakafuni. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, nimeiweka 70 na kweli inasoma 70. Lakini ukikaa kwenye kochi la sebuleni baridi inaingia hadi kwenye mifupa, miguu ndiyo usiseme. Ofisini kwetu wanaweka 68 na tunavua masweta.

Mama yangu yuko hapa tangu Oktoba, amekuja kuona wajukuu. Akiamka tu anapandisha hadi 78. Mke wangu akitoka kazi ya usiku anashusha hadi 66, kwanza kwa ajili ya bili, pili hapati usingizi chumba kikiwa moto. Jamaa wa kazini ananiambia niweke namba moja usiku na mchana nisiiguse, eti kupandisha na kushusha ndiko kunakomaliza gesi.

Ninyi mnaweka ngapi? Na kwa nini 70 yangu haifanani na 68 ya kazini?

#2 Mangi wa Leicester
70 ni 21 ya huku kwetu kwa selsiasi. Mkuu, hiyo ni anasa! Kwangu 18 mchana, 16 usiku, na watoto wameshazoea. Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema 18 inatosha. Vaa sweta, vaa soksi, kunywa chai.

#3 Mwanaidi_Toronto
Mangi, hapo hapana. Mwongozo wa WHO wa 2018 kuhusu nyumba na afya unaitaja 18 kama kiwango cha chini cha kulinda afya ya watu kwa jumla kwenye nchi za baridi, kisha unasema wazee, watoto na wenye maradhi ya muda mrefu huenda wakahitaji zaidi. "Inatosha" umeiongeza wewe. Mwenye uzi ana mama mtu mzima na watoto ndani ya nyumba. Hapa Toronto, kama joto limo kwenye kodi, jiji linamlazimisha mwenye nyumba afikishe 21 wakati wa baridi.

Nyamira, mpe mama shikamoo yangu. Na umwachie themostati yake.

#4 FundiHita
Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza hita hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Themostati inapima hewa ya pale ilipotundikwa tu, mara nyingi ukuta wa ndani wa korido, mbali na madirisha. Mwili haupimi hewa peke yake. Unatoa joto kwenda kwenye kila kitu kilichopoa kuliko ngozi: kioo, ukuta wa nje, sakafu. Ukikaa karibu na dirisha kubwa lililopoa, joto lako linakwenda kule hata kama hewa inayokuzunguka ni 70. Wanaopima starehe ya chumba huchukua joto la hewa na joto la kuta wakatafuta wastani. Nyumba yako ya zamani kuta zake zimepoa. Ofisi inawezekana iko katikati ya jengo, imezungukwa na vyumba vyenye joto. Ongeza watu: mtu mzima aliyekaa anatoa kama wati 100 za joto. Watu 10 ofisini ni sawa na hita ndogo ya kilowati 1, hujahesabu kompyuta.

Huyo jamaa wa kazini hayuko sahihi. Joto linavuja kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Ndani 70 na nje -20, tofauti ni 90. Ukishusha usiku hadi 62, tofauti inakuwa 82, na kwa saa zote hizo nyumba inavujisha karibu asilimia 9 pungufu. Gesi utakayochoma asubuhi kurudisha 70 haizidi ile uliyookoa. Idara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka.

Ila kwa siku kama hizi za -20 mimi huwaambia wateja wasishushe sana. Hita inaweza kumaliza asubuhi nzima inahangaika kurudisha joto, na bomba lililopita ukuta wa nje linaweza kuganda. Hata mkisafiri msiweke chini ya 55.

Themostati yenu iko wapi, mkuu?

#5 Kivu Maine
Ndugu zangu, mimi niko Portland, Maine, nimetoka Goma. Fundi amesema vizuri, lakini kwangu shida ilikuwa hewa kavu. Hewa ya nje ikiwa baridi kali haibebi maji. Inaingia ndani, inapashwa, inakuwa kavu kabisa. Midomo inapasuka, mtoto anatoka damu puani, ukigusa kitasa unapigwa shoti. Na ngozi ikikauka haraka unasikia baridi. Tulinunua mashine ya kuongeza unyevu, tukashusha kutoka 72 mpaka 69 na hakuna aliyelalamika.

#6 FundiHita
Kivu, unyevu unasaidia, hasa pua na koo, ila kwa joto la kawaida la ndani mchango wake kwenye kuhisi baridi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Na Minnesota kwenye -20 ukiongeza unyevu sana vioo vinatoa jasho, jasho linaganda, fremu za mbao zinaoza. Uongeze kwa kiasi huku unaangalia vioo.

#7 Kivu Maine
Mdogo au si mdogo, nyumbani kwangu ulifanya kazi. Mke wangu ni shahidi.

#8 Mzee wa Kitulo
Vijana, hamjambo. Mimi niko Makete. Juni na Julai huku asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, viazi shambani vinaungua, na nyumba haina hita wala hiyo themostati. Mnabishana 70 na 68! Sisi tunaota moto jikoni, kisha tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga mlango, chumba kinapata joto safi. Wala hakuna bili.

#9 FundiHita
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la jiko chumbani na mlango umefungwa naomba uliache leo hii. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni usingizi, anajilaza. Haihitaji moshi: mkaa ulioiva mwekundu, ule unaoonekana "safi", ndio unaodanganya. Hata huku ilitokea. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali, watu waliingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani, wengine wakawasha magari gereji. Wengi walilazwa na wapo waliokufa.

#10 Mzee wa Kitulo
Marahaba. Tunalitoa kabla ya kulala.

#11 Wanjiru wa Limuru
Mzee, hata hilo la "tunalitoa" halinitoshi. Kwetu Julai ndiyo mwezi wa misiba hiyo. Nyumba mbili kutoka kwetu walikuwa na desturi hiyohiyo, usiku mmoja wakapitiwa na usingizi kabla ya kulitoa. Baba akaponea chupuchupu kwa sababu alilala karibu na mlango wenye mwanya. Tangu hapo sisi tunachemsha maji, tunajaza chupa za mpira, tunaziweka miguuni chini ya blanketi. Jiko linabaki nje barazani. Tafadhali waambie na majirani.

#12 Mzee wa Kitulo
Nimekusikia, binti. Chupa za maji moto zipo hapa dukani, nitanunua.

#13 Kaka wa Dallas
Tusimwache mwenye uzi. Nyamira, mkiamka na nyumba imepoa, weka 85 kwanza ipashe haraka, ikifika 70 shusha. Mimi ndivyo nafanya.

#14 FundiHita
Haipashi haraka, mkuu. Hita nyingi za gesi za majumbani huwaka au huzima tu, kasi ni ileile ukiweka 70 au 85. Tofauti ni kwamba ukisahau unaamka kwenye sauna. Zipo zenye ngazi mbili zinazoongeza nguvu nyumba ikiwa mbali na namba uliyoweka, lakini hizo nazo zinajiamulia zenyewe.

#15 Upendo_Trondheim
Fundi, hesabu yako ya kushusha usiku ni ya gesi. Huku Norway wengi tuna pampu ya joto ya umeme, mimi pia. Inavuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo umeme wa uniti moja unaweza kuleta joto la uniti mbili au tatu. Nje ikipoa sana uwezo unashuka. Nikishusha usiku kisha nikapandisha ghafla alfajiri, ambapo nje ndipo pamepoa zaidi, inafanya kazi kwa nguvu saa mbaya kabisa. Tunaacha sebule 21 muda wote. Huyo jamaa wa kazini kwa Nyamira huenda ana pampu.

#16 FundiHita
Dada Upendo yuko sahihi kwa pampu. Hapa Marekani pampu nyingi zina hita ya ziada ya nyaya ndani, ukipandisha namba kwa mkupuo hiyo ndiyo inayowaka na bili inapaa. Nyamira kasema ana gesi, ndiyo maana sikuigusa.

#17 Mgeni wa Bochum
Huku Ujerumani wala hatuna digrii. Rejeta ya ukutani ina kitasa chenye namba 1 hadi 5. Wageni tunadhani 5 ni kupasha haraka, kumbe ni kosa lile lile la Dallas: 3 ni kama 20, kila namba juu au chini ni kama nyuzi 4. Mimi nakaa kwenye 3, usiku 2, nikitoka naweka kwenye alama ya nyota, yaani nimezima. Majira ya baridi ya 2022, gesi ya Urusi ilipokatika, serikali iliamuru ofisi za umma zisizidi 19. Tulikaa na makoti mezani.

#18 Mwanaidi_Toronto
Bochum, nyota si kuzima. Inajifungua yenyewe chumba kikishuka karibu nyuzi 6 ili maji yasigande. Niliishi Hamburg kabla ya kuja huku.

#19 Mgeni wa Bochum
Sawa, ni kinga ya barafu. Ila mkaguzi wa bili hanitozi nyota.

#20 Mama Pacha Manchester
Nimewasoma wote na naona hakuna aliyemgusa Mangi kwenye jambo kubwa. 16 usiku, nguo mnaanika ndani, madirisha yamefungwa: mnafuga ukungu. Hewa yenye maji ikikutana na ukuta uliopoa inageuka matone, na hapo ukungu mweusi unaanzia kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, ambako hewa haizunguki. Kwetu ulianza kama vidoa nyuma ya kitanda cha mapacha, mmoja akaanza kukoroma na kukohoa usiku. Mwenye nyumba akasema ni "namna mnavyoishi".

Kauli hiyo ndiyo waliyoambiwa wazazi wa Awaab Ishak kule Rochdale, karibu kabisa na hapa, mtoto wa miaka 2 aliyefariki Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba. Leo kuna Sheria ya Awaab inayowapa wenye nyumba za jamii muda maalumu wa kuchunguza na kurekebisha. Nawaomba ndugu zangu mnaopanga: piga picha, andika barua, weka kumbukumbu. Na pasheni vyumba vyote kidogokidogo, msipashe sebule tu mkafunga milango ya vyumba vya kulala. Fungueni madirisha mara chache kwa siku, wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, kisha mfunge. Kuacha mwanya siku nzima kunapoza ukuta.

#21 Mangi wa Leicester
Mama Pacha, mimi nina mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani. Salio likiisha Jumapili usiku ni giza na baridi mpaka dukani kufunguliwe. Sichagui 16 kwa kupenda. Sweta ni rahisi kuliko pauni. Ila la ukungu nimelichukua, nitaangalia nyuma ya kabati leo.

#22 Mama Pacha Manchester
Pole sana kaka. Ulizia punguzo la pauni 150 la majira ya baridi kwa wenye kipato kidogo. Wengi wetu tunastahili na hatuulizi.

#23 Nyamira_MN
Wakuu, mrejesho. Themostati iko koridoni, ukuta wa jikoni. Mama akipika ugali inadhani nyumba nzima imepata joto! Nimenunua vipimajoto vya bei rahisi nikavisambaza. Chini ya themostati: 70. Kwenye kochi, chini ya dirisha kubwa: 63. Sakafuni hapohapo: 59. Chumba cha mama, ambacho kiko juu ya gereji: 61. Yaani nilikuwa nambishia mama wa watu kwamba ni 70 wakati yeye analala kwenye 61. Kochi nimelihamishia ukuta wa ndani.

#24 Mwanaidi_Toronto
Nilisema mwachie themostati yake.

#25 Bi Mkubwa Muscat
Mimi baridi yangu ni ya AC tu, lakini nilikaa Copenhagen na mwanangu, nikajifunza hili. Siku ya upepo washa kijiti cha udi, zima feni na hita, kipitishe taratibu pembeni mwa fremu ya dirisha, chini ya mlango, kwenye soketi za ukuta wa nje. Moshi ukipanda wima, pako sawa. Ukipinda ghafla ndani, hapo upepo unaingia. Tulikuta mwanya chini ya kizingiti cha dirisha ambao kwa mkono hausikiki. Tukaziba kwa utepe wa sponji, chini ya mlango tukaviringisha khanga kuukuu. Na nyumba ikabaki inanukia.

#26 FundiHita
Bi Mkubwa, huo ndio ukaguzi wenyewe, sisi tunatumia kalamu ya moshi. Nyamira, pima pia juu: mlango wa darini. Hewa moto hupanda ikatokea darini, na inayotoka juu inavuta ya baridi kuingia chini. Ndiyo maana miguu inapata baridi. Kwa dirisha kubwa, nunua ile nailoni ya kubandika kwenye fremu, ipulize kwa mashine ya kukausha nywele mpaka ikaze kama ngoma. Chumba cha juu ya gereji ni kesi ngumu, sakafu yake ni kama ukuta wa nje. Mwombe mwenye nyumba ajaze sufi ya kuzuia joto.

#27 Muuguzi wa Usiku
Naongeza la afya. Kama mama anasikia baridi hata pale penye 70 halisi, apimwe damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kidogo vyote vinamfanya mtu asikie baridi kuliko wenzake. Dawa za presha za aina fulani nazo hupoza mikono na miguu. Na baridi yenyewe inapandisha presha kwa sababu mishipa inajibana. Nimeona wazee wengi wageni wanaambiwa "utazoea" huku mwili unalia.

#28 Kaka wa Dallas
Lakini tukubali pia, damu zetu ni za joto. Mtu kakaa miaka 60 Kisii, umlete Minnesota, 70 kwake ni friji.

#29 Wanjiru wa Limuru
Dallas, Kisii kwenyewe ni milimani na mvua yake unaijua? Sweta kule ni sare. Damu siyo sababu.

#30 Upendo_Trondheim
Kuzoea kupo. Mwaka wa kwanza nililala na koti, sasa chumba cha kulala nakizimia hita kabisa kama Wanorwe, dirisha mwanya. Chekechea la mwanangu watoto wanalala usingizi wa mchana nje, kwenye vigari, wamefunikwa sufi. Mama mkwe alipoona alitaka kupiga simu polisi.

#31 Mama Pacha Manchester
Nje?! Huku tuliambiwa chumba cha mtoto mchanga kiwe 16 hadi 20, na mie nilikuwa naweka 22.

#32 Omari St Paul
Jirani yako hapa, Nyamira. Mambo mawili ya Minnesota ambayo wengi hawayajui. Sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba atoe joto lisilopungua 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Hicho chumba cha 61 ni hoja yako, piga picha ya kipimajoto. Pili, tarehe hizohizo kuna kanuni ya kuzuia kukatiwa huduma ya kupasha nyumba, lakini lazima uipigie simu kampuni yenyewe mkubaliane malipo na uyatimize. Usinyamaze na bili.

#33 Kivu Maine
Asante Omari, nitaulizia kama Maine iko hivyo. Mimi bado nasema ni hewa kavu. 59 ya sakafuni ni ya kwake, mimi kwangu sakafu ilikuwa sawa.

#34 Nyamira_MN
Nailoni imebandikwa. Kochini sasa 67. Mke wangu kakubali 69 mchana, mimi nimekubali 65 usiku, na mama tumempa blanketi la umeme la chini ya shuka. Jana bado alipandisha hadi 74 tulipotoka, nikaiona kwenye simu. Miadi ya kupimwa damu ni wiki ijayo. Mwenye nyumba kajibu barua: anasema 68 inapimwa kwenye themostati, siyo chumbani. Omari, hiyo ni kweli?

#35 Omari St Paul
Ya kwangu ilipofika kwa mkaguzi wa jiji alikuja na kipimo chake, akapima vyumba. Muite wa jiji lako, usibishane na mwenye nyumba kwa barua.

#36 Mpya Edmonton
Wakuu nimesoma uzi wote, nashukuru. Mimi nafika Edmonton Januari kusoma, chumba nitakachokaa kina hita ya umeme ya chini ya ukuta, kila chumba na kitasa chake. Hapo napasha chumba nilichomo tu, au vyote kama alivyosema Mama Pacha?

#37 FundiHita
Hizo ndizo zinazofaa kupasha chumba kwa chumba. Ulichomo 20 ya selsiasi, vingine usishuke chini ya 15, na usisukume kitanda wala pazia lifunike hita. Nguo usianike juu yake kamwe.

#38 Mpya Edmonton
Na gari? Nimeambiwa kule gari linachomekwa kwenye umeme usiku, ni kweli?

#39 Mwanaidi_Toronto
Kweli, injini inapashwa. Fungua uzi wake, huo ni mrefu kuliko huu.